Kilemba Changu Uwanjani Brasels

Nnakiri mwenyewe, maana huku kwetu Matrah, Omani, wameshatia chumvi.

Mwaka sitini na tisa kazini walinipeleka Brasels, Ubelgiji. Nikavaa kanzu na kilemba, nikaenda kuutazama ule uwanja wao wa kale, wenye majumba ya nakshi za dhahabu. Mara bwana na bibi harusi wakatoka jumba la baraza la mji, watu wanawarushia mchele. Kwetu Unguja nilikozaliwa, harusi ikikupitia mbele yako hungoji kadi. Nikapeana mikono na kila mtu, nikafuatana nao mkahawani, nikala keki vipande vitatu. Watu wa bwana wakadhani mimi mgeni wa bibi, na wa bibi wakadhani wa bwana. Tukapigwa picha. Nikaombwa anuani, nikaitoa kwa maringo.

Picha ilifika nyumbani Darsait, jirani na Matrah, mimi bado sijarudi safari. Niliporudi nikamkuta mke wangu, Zuwena, kaishika, mama yake kando, wamenuna wote wawili.

"Bibi harusi nnamwona," akasema Zuwena. "Na wewe nnakuona ubavuni mwake. Bwana harusi yuko wapi?"

Nikaitazama picha mpaka jasho likanitoka. Kisha nikamwonyesha kwa kidole sikio moja, limechomoza nyuma ya kilemba changu.

"Huyo hapo."