Usiniambie Iko Wapi

Katika mji mzima wa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, miaka ile ya vita, hakukuwa na mtu aliyejua mali za watu kumshinda Mama Georgette, wala hakukuwa na mtu aliyekataa kabisa kujua zilikofichwa kama yeye. Alikuwa ameshika sanduku la ushirika wa wavuvi mpaka vita vya kwanza vilipouvunja ushirika wenyewe. Wenzake walibaki kulilia mishahara ambayo hakuna aliyekuwa na nia ya kuwalipa. Yeye alitoa viti vitatu, akavipanga kwenye kibaraza chake, akaanza kuwashauri watu jinsi ya kupanga kile kidogo walicho nacho ili vita visiwaache mikono mitupu.

Ukienda kwake ulijua utakutana na nini, maana utaratibu wake haukubadilika hata kwa padri. Malipo kwanza: sahani ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, wakavu, iliyopokewa kabla hujafungua mdomo, usije ukadhani anakubembeleza ili umwongeze. Hakuwa na kitu cha kuuza, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kukuambia ununue. Mali yako hakuigusa, na hakuandika hata neno moja. Mwenye ndoa aliyekuja peke yake alirudishwa akamlete mwenzake, na wapo waume waliomnunia kwa hilo mpaka leo. Wanune tu.

Kisha alikuuliza unataka mali yako ije ikufanyie nini. Wengi walikwama hapohapo. Walikuja wakitaka kuambiwa la kufanya, na kumbe hawajawahi kujiuliza wanakwenda wapi. Ukishalijibu hilo, alikutaka utaje ulicho nacho chote. Hapo ndipo watu walipoanza kudanganya, kwa sababu vita vilikuwa vimetufundisha kuficha hata chumvi. Mwenye mbuzi kumi alitaja wawili huku akitazama dari.

"Ukinificha, nitatoa shauri ya muntu mwingine," aliwaambia. "Uniambie uko na nini. Lakini usiniambie iko wapi."

Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na tisa, habari za mauaji ya kijiji cha Makobola zilipotufikia na watu wa Nundu, kaskazini yetu, wakaanza kuteremka kwetu na magodoro kichwani, alikuja Bertin, fundi cherehani wa karibu na soko, pamoja na mkewe Anastasie. Bertin alikuwa na cherehani mbili alizozitolea jasho ujana wake wote. Mtu fulani alitaka kuzinunua kwa bei ya kutupa, na Bertin alikuwa nusura akubali, achukue familia yake na kuvuka ziwa kwenda Kigoma.

"Unataka mali yako ikufanyie nini, Baba Aline?" Mama Georgette akamuuliza.

Bertin akasema anataka kula. Anastasie akamkata kauli kwa upole.

"Vita ikiisha, tushone tena. Aline naye ajifunze. Tukiuza mashini, tutarudia na mikono tu."

Mama Georgette akamtazama mwanamke yule, akapenda alichosikia. Akawaambia wasiuze, kwa sababu mnunuzi alikuwa ananunua woga wao, si cherehani. Mihogo yao ya shambani waiache ardhini bila kuivuna, waing'oe kidogokidogo, kwani hakuna mwizi mwenye subira ya kuchimba shamba zima. Vitenge viwili vizuri Anastasie avivae kimoja juu ya kingine siku ya kukimbia. Zile meza za cherehani, vichwa vikishafunguliwa na kufichwa, waziache wazi dukani, mikanda ikining'inia, kila apitaye aone kwamba wezi wa kwanza wamekwisha pita.

Bertin akafurahi kupita kiasi. Alikuwa mtu wa moyo mweupe, na watu wa moyo mweupe hawajui kunyamaza.

"Mama Georgette, mi nakuaminia kabisa. Vichwa vya mashini nishavifukia nyuma ya jikoni, chini ya majivu."

Mama Georgette akasimama.

"Nilikuambia nini? Nenda uvitoe leo, uviweke fasi ingine yenye mi sijue."

"Mi nakuaminia, nawe unanifukuza?"

"Mi niko muntu, Baba Aline. Bakinipiga, nitasema. Sitakudanganya kama niko na roho ya chuma."

Bertin akaondoka amevimba, akisema njia nzima kwamba ametukanwa mbele ya mke wake. Anastasie alimfuata nyuma. Mama Georgette hakutuma mtu kuuliza kama vichwa vimehamishwa, kwa kuwa kuuliza nako kungekuwa kujua. Alibaki na wasiwasi wake, akaubeba.

Haikupita muda mrefu, watu wenye bunduki wakaingia uani kwake mchana kweupe, akiwa anamenya mihogo.

"Banasema we ndiyo unajua vitu ya batu bote. Iko wapi?"

Alisema hajui, na alisema kweli. Wakampiga kwa kitako cha bunduki begani, kisha miguuni. Alivumilia kuliko alivyowahi kujidhania. Hatimaye mdomo ukatoa sehemu moja tu iliyokuwamo kichwani mwake: kwa fundi Bertin, nyuma ya jiko, chini ya majivu.

Wakamtanguliza. Njia nzima alichechemea huku akiomba Mungu kwamba yule mtu mkaidi awe amemsikia. Kama vichwa vilikuwa bado pale, basi Aline hana ufundi, Bertin hana kazi, na yeye Georgette hana tena uso wa kumwambia mtu akae kitini kwake. Nyumba ilikuwa tupu, wenyewe wakiwa shambani. Wakayatawanya majivu, wakachimba hadi magotini, wakapata kandambili moja iliyooza.

Mkubwa wao akacheka. Akasema mama huyu hajui kitu, wamedanganywa, akamchukua kuku wa Anastasie na kuondoka na watu wake. Mama Georgette akakaa kando ya lile shimo akalia. Hakuona haya hata kidogo. Alikuwa amesema kwamba akipigwa atasema, akasema. Na alikuwa amepanga mambo ili kusema kwake kusimpokonye mtu chochote. Mimi ninayesimulia ninamvulia kofia kwa hilo. Ujasiri wenye akili namna hiyo sijauona mara nyingi.

Vita vilipopoa, sauti ya cherehani ikasikika tena karibu na soko, moja, kisha ya pili, na Aline akikanyaga ya pili. Siku moja Bertin na Anastasie wakaja kwa Mama Georgette na gauni jipya la kitenge pamoja na sahani ya ndagala. Bertin akaanza kwa kuomba msamaha.

"Nilisikia balikupiga juu ya mashini yangu."

"Na we ulinisikia, ukazihamisha. Hiyo inanitosha."

Bertin akainamisha kichwa, akacheka kwa aibu.

"Mi sikuhamisha kitu. Nilikuwa na hasira. Ni huyu. Alizibeba ndani ya kitunga, akafunika na majani ya sombe, moja moja. Nikamuuliza zilienda wapi, akakatalia. Mupaka vita inaisha, mi mwenyewe sikujua."

Mama Georgette akamgeukia Anastasie. Bega lake bado lilimuuma wakati wa baridi, lakini siku ile alilinyoosha. Watu wengi walikuwa wameketi kwenye viti vile na kuitikia kwa kichwa. Huyu alikuwa ameyachukua maneno yake mazimamazima na kuyapeleka mpaka ndani ya ndoa.

"Na sasa amekuambia zilikuwa wapi?" akamuuliza Bertin.

"Bado."

"Sitamwambia," Anastasie akasema, akiitua sahani ya ndagala mbele ya mwalimu wake. "Vita ikirudia, nitazirudisha palepale."