Nilivyokwenda Houston Kumzuia Nafula Asipelekwe Guam

Dada yangu Nasimiyu alipopigiwa simu kutoka Houston, alisikia maneno mawili tu: "jeshi" na "Guam". Bintiye Nafula, aliyekwenda Marekani kusomea uuguzi, alikuwa amejiunga na jeshi la majini. Vita vya Iraki vilikuwa vimepamba moto, na dada akaamua kwamba Guam ni kitongoji cha Baghdad. Mwenye viza nilikuwa mimi, iliyobaki tangu mahafali ya binti huyo huyo.

"Usirudi bila mtoto," akaniagiza.

Nairobi, nikifunga mkanda wa ndege, nilikiri moyoni kwamba mimi, mwalimu mstaafu wa jiografia, sikujua Guam iko wapi.

Kesho yake mchana, Houston ilinipokea kwa joto la tanuri. Nafula alinipeleka kwake Alief. Hata dukani, ng'ambo tu ya barabara, tulikwenda kwa gari.

"Mjomba, kama umetumwa unirudishe, nisha-sign. Hii si kazi ya ku-quit."

"Mkubwa wako ni nani?"

"Wa nini tena?"

"Nizungumze naye. Mimi ni mjomba."

Asubuhi iliyofuata tulikwenda Sharpstown, kwenye ofisi ya kuandikisha wanamaji, ambako Nafula alikuwa akisaidia kabla ya kuondoka. Mkubwa wake alikuwa baharia mfupi, mpana, mchangamfu. Kabla sijafungua mdomo alinipa fomu na kalamu.

"Una miaka mingapi, mzee?"

"Hamsini na tisa."

Akaichukua fomu yake polepole.

"Nimemfuata mtoto wetu," nikasema. "Hatutaki afie Guam."

"Guam? Ndiko kwetu! Labda afe kwa kushiba."

Akanionyesha ramani ukutani: nukta moja katikati ya Pasifiki.

"Hiyo ni nchi?"

"Ni kisiwa cha Marekani."

"Basi wewe ni Mmarekani."

"Tangu kuzaliwa."

"Na rais mnamchagua."

"Tukiwa kisiwani, hapana."

"Na vitani?"

"Vitani tunakwenda, mzee. Tena wengi."

Nikasahau kilichonileta. Nilizaliwa chini ya bendera ya Mwingereza, na hasira ya utotoni ikanipanda. Nikapiga meza. "Sisi hiyo tuliiita ukoloni!"

Nafula akanivuta shati. "Mjomba, please, huyu ndiye bosi!"

Baharia alicheka, ila si kwa muda mrefu. Akaandika jina la mama yake aliyeko Guam kwenye karatasi, akampa Nafula. "Ukifika, Jumapili ukale kwake."

Tulipoingia garini, Nafula hakuwasha injini.

"Naogopa kidogo, Mjomba."

Nilikuwa na hotuba nzima ya kumrudisha nyumbani. Nikajikuta nasema, "Kwa yule mama usiende mikono mitupu."

Juma moja baadaye niliteremka Bungoma peke yangu. Dada aliutazama mkoba wangu, akatazama nyuma yangu.

"Mtoto?"

Nikamweleza yote: kisiwa, hospitali ya jeshi atakakouguza wagonjwa, na kwamba vita huko hakuna.

"Kama hakuna vita, jeshi linafanya nini?"

"Kutoka Marekani hadi Asia ni mbali. Vita vikija, waanzie karibu."

"Na wenye kisiwa waliulizwa?"

Maili zote zile, kumbe swali lenyewe lilikuwa limebaki nyumbani.

"Hawakuulizwa, dada. Kama sisi tu."

Dada akaagiza Nafula apigiwe simu, aambiwe akifika huko abishe hodi na asalimie kwa adabu, maana anakwenda kwa watu.