Namba Tisa Niliyemfuta kwa Penseli

Kwa misimu miwili niliwajua wasichana wa timu yangu kwa namba za mgongoni. Namba nne ni yule mwenye sauti, namba saba ni yule anayefunga kutoka mbali, namba kumi na moja ni yule wa kuchelewa. Sikuona ubaya. Pale yadi yangu ya mbao Nakuru pia ni hivyo: huyu wa msumeno, yule wa randa, wale wa kupakia lori. Mimi mwenyewe nilipoanza Elburgon, nikisukuma magogo kwa mabega, msimamizi hakuwahi kuniita jina langu, na sikulia. Shule niliachia darasa la nne. Namba nazisoma haraka kukushinda wewe. Majina yananichukua muda, hasa yakiwa yameandikwa kwa mkono. Nasema haya mapema ili usije ukadhani natafuta kisingizio huko mbele.

Timu iliingia maishani mwangu kwa geti la yadi. Mwalimu mmoja wa kike, aliyekuwa mchezaji siku zake, alikuja kuomba mbao za kutengeneza magoli mawili ya mpira wa vikapu, kwenye kiwanja kilichopasuka karibu na kwangu Kiamunyi. Nilimpa mbao kavu, nzuri, nikamtuma fundi wangu. Jumamosi nilipita kuona kama fundi amefanya kazi ya maana, nikakuta wasichana wanakimbia huku na huku, nikakaa mpaka jua likaenda. Baada ya hapo nilinunua jezi, nikatoa gari la kuwapeleka mechi, na watu wa Kiamunyi wakaanza kuniita mwenye timu. Sitadanganya. Katika majina yote niliyowahi kuitwa, hilo ndilo nililipenda zaidi.

Mwalimu, ambaye sasa alikuwa kocha, alinieleza mpango wake akiwa amekaa juu ya rundo la mbao. Fomu ya ligi inachukua majina kumi na mawili. Saba wawe wale wanaoweza kushinda leo. Watano wawe wasichana waliotoka shule juzi, wa kukaa benchi, kuingia dakika chache chache, kukosea na kujifunza. Wale wakubwa wakiolewa, wakiumia, wakipata kazi mbali, hawa watakuwa tayari. Nimpe miaka mitatu, akasema. Nikamwambia hata mimi siuzi mbao mbichi. Tukapeana mkono.

Namba tisa alikuwa mmoja wa wale watano. Alitoka Elburgon kila Jumamosi asubuhi, msichana mrefu, mwembamba, asiye na maneno mengi. Jezi niliyonunua ilimmeza. Wiki iliyofuata alikuja nayo imepunguzwa mbavuni, imeshonwa vizuri kabisa, kwa sababu mama yake alikuwa fundi wa nguo. Kocha alimwingiza dakika nne, tano, tukiwa mbele. Alikuwa na mikono ya kudaka mpira ukigonga chuma na kurudi, lakini akishaushika hakujua aupeleke wapi. Mimi nilikuwa nakaa pale nikizihesabu dakika zake kama mtu anayeibiwa.

Msimu wa pili tulianza kushinda mfululizo. Timu moja tu ndiyo ingepanda ligi ya juu, na tulikuwa tunafukuzana na wengine wawili. Siku tuliyokutana na mmoja wao, tukiwa mbele kwa pointi moja, namba saba aliumia kidole na kocha akamwingiza namba tisa. Akadaka mpira vizuri. Wakamzunguka watu wawili, akatoa pasi, ikaenda nje. Wakaurudisha, wakafunga, mchezo ukaisha.

Nilisimama mbele ya watu wote nikasema, "Kocha, hii ni timu ama ni nasari ya watoto?"

Watu walicheka. Namba tisa alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, ameshika taulo, na hakuinua uso. Niliona. Sio ati sikuona.

Jumatatu jirani yangu wa biashara, mwenye duka la mabati, alipita yadi akaniuliza kama ni kweli siku hizi nalea watoto, kwa nini nisinunue ng'ombe, angalau ng'ombe akikua unajua utapata nini. Wafanyakazi wangu walicheka wakiwa wameinamia kazi. Mimi sijazoea kuchekwa. Siku hiyo hiyo nilipiga simu Nairobi kwa mtu anayejua wachezaji, nikaambiwa kuna wanawake wanne wameiva, wako tayari kuja mara moja kabla dirisha la kusajili halijafungwa.

Lakini fomu ilikuwa imejaa. Wanne wakiingia, wanne lazima watoke.

Kocha alikuja yadi na ile fomu mkononi. Hakuketi.

"Mzee, mbao yako unaianika miezi mingapi kabla ya kuiuza?"

"Mbao si mpira."

"Hawa unaowaleta, wakishashinda wataenda. Utabaki na nani?"

"Mwalimu, mimi naelekea miaka sabini. Hiyo kesho yako nitaiona nikiwa wapi?"

 Akaiweka fomu juu ya meza yangu, juu ya vumbi la mbao, akasema, "Mimi sifuti mtu. Kama ni kufuta, futa mwenyewe."

Nilitoa penseli ya seremala hapa nyuma ya sikio. Fomu ilikuwa na safu mbili, ya majina na ya namba. Nilisoma ile ya namba. Nikachora mstari mara nne, mistari iliyonyooka. Ilikuwa kazi fupi kuliko kupima ubao.

Jumamosi nilifika kiwanjani mapema niwaambie mwenyewe. Hapo nilijiona mwanaume. Watatu walilia kidogo wakaenda. Namba tisa nilimwambia pia kuwa jezi yake inatakiwa, kwa sababu mmoja wa wageni amevaa tisa maisha yake yote na hataki nyingine.

Akasema, "Sawa, mzee. Nikuachie saa hii ama nikaioshe kwanza?"

Nikamwambia aioshe kwanza. Hilo ndilo jibu nililompa. Msichana alirudi Elburgon, akaifua, akapiga pasi, na katikati ya wiki akasafiri tena kuniletea. Aliiacha kwa karani wangu, imekunjwa ndani ya gazeti. Mimi nilikuwa ndani, nilimwona kwa dirisha, na sikutoka. Yule mgeni alipoijaribu ilimbana, akachukua wembe akafumua nyuzi za mbavuni akiwa anaongea kwa simu.

Tulishinda. Nisiseme tena mengi hapo. Wale wanne walijua kazi, tukapanda ligi ya juu, na nikapigwa picha nimeshika kikombe katikati yao. Mwenye duka la mabati alikuja kunipa mkono. Nilitembea Kiamunyi kama mtu aliyejenga barabara.

Kabla ya msimu mpya wale wanne waliondoka, wote. Mmoja alikuwa muungwana wa kupiga simu. Aliniambia, "Boss, tuliitwa kushinda, na tumeshinda."  Katika wale saba wangu wa zamani, wawili walipata kazi ng'ambo, mmoja akaharibika goti. Yule mmoja wa benchi ambaye sikumfuta naye aliacha mpira. Kocha alikuwa amekwenda kufundisha timu nyingine, na hakuniaga kwa ubaya, alinirudishia tu funguo za kiwanja. Nilitafuta mtu wa kumweka mahali pake, nikatafuta wachezaji, nikapewa ahadi nyingi. Fomu niliijaza majina. Majina hayachezi.

Mechi ya kwanza ya ligi ya juu ilikuwa nyumbani kwetu. Watu walikuja wengi kuliko siku zote. Wageni walishuka kwa basi lao, kumi na wawili, wamevaa sawa. Upande wetu walikuwa wanne. Mchezo huwezi kuanza bila watano. Refa aliniambia kwa heshima kwamba sheria inatupa dakika kumi na tano. Nilisimama karibu na mstari nikishika simu, nikimpigia huyu na yule. Wasichana wangu wanne walikuwa wanapasiana mpira kana kwamba mtu wa tano amekwenda chooni. Dakika zilipoisha refa alipuliza filimbi na kuandika ishirini kwa sufuri. Wageni walitupa mkono mmoja mmoja, wakarudi kwa basi. Mwenye duka la mabati alikuwa pale. Aliangalia viatu vyake. Afadhali angecheka.

Juma hilo nilichukua ile jezi nikaendesha gari mpaka Elburgon. Nilijiambia nitamrudisha namba tisa, kisha wengine watafuata. Nilipita pale nilipokuwa nasukuma magogo, sikusimama. Fundi wa nguo mwenye binti mrefu hakuwa mgumu kumpata. Nilimkuta kwa cherehani yake karibu na soko, mwanamke wa makamo, miwani puani.

Nikamsalimia, nikamwambia namtafuta binti yake.

"Nina mabinti watatu, mzee. Unamtaka nani?"

"Yule wa mpira."

"Anaitwa nani?"

 Nimewahi kusimama mbele ya mapolisi na mbele ya watu wa benki nikajibu kila swali. Misimu miwili. Gari langu lilimbeba, jezi yangu alivaa, nilimfanya achekwe mbele ya watu. Mwishowe nikasema, "Namba tisa."

Akasimamisha cherehani. "Hapa kwangu hakuna mtu anayeitwa namba."

Nikampa jezi, kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono yangu. Aliigeuza ndani nje, akapitisha kidole pale mbavuni palipokuwa na matobo ya sindano bila uzi.

"Hapa nilishona mimi. Nani alifumua?"

"Aliyekuja baada yake."

"Na huyo yuko wapi?"

"Ameenda."

Aliikunja vizuri, akanirudishia. Akaniambia msichana yuko chuo Nakuru, anachezea timu ya pale, na kocha wake ni yule mwalimu wa zamani. Halafu akanitajia jina la binti yake, mara mbili, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Jina nalijua sasa. Sitaliandika hapa, nimelitumia vibaya vya kutosha kwa kutolitumia.

Nilimwendea kocha nikamwambia nilikosea. Aliniuliza mara ngapi nimewahi kusema hivyo, nikamwambia hii ni ya kwanza. Hakukubali kurudi, ana timu yake. Lakini alinitafutia mwanafunzi wake wa zamani awe kocha wetu, kwa sharti kwamba fomu nisiiguse. Ligi ya juu tulijitoa, tukaanzia ligi ya chini kabisa, na wasichana wengi wa shule. Kila Jumamosi kabla ya mazoezi mimi ndiye ninayesoma majina. Yananichukua muda. Wao husubiri, na wakinicheka wananicheka wakiwa karibu. Tunafungwa sana. Mwaka huu yule mtu wa Nairobi alinipigia tena, ana watatu walioiva. Nilimwambia fomu imejaa.

Juzi timu ya chuo ilikuja kwetu kwa mechi ya kirafiki. Alikuwa amevaa kumi na nne, mabega yamepanuka, na akidaka mpira anajua mapema unakwenda wapi. Walitufunga vibaya. Baada ya mchezo nilimfuata, nikamwita kwa jina lake. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi njiani.

Aligeuka akanisalimia vizuri, jinsi angemsalimia mzee yeyote. Nilianza kusema yale niliyokuja kusema, kuhusu ile siku ya taulo, kuhusu penseli. Akanikatiza bila ubaya, akaniuliza tisa inavaliwa na nani siku hizi.

Nikamwambia hakuna, iko kwa kabati langu.

"Mpe mtu, mzee," akasema. "Ni jezi tu."

Akakimbia kwa gari lao, walikuwa wanamwita.

Kocha wetu ameshaniomba hiyo jezi mara mbili, kuna msichana wa kidato cha tatu hana. Nimeitoa kabatini mara mbili. Kila nikiigeuza ndani nje nayaona yale matobo ya sindano, nami naikunja tena.