Harusi Iliyokwama Mlangoni

Mwaka 2013 Faouzia alikuwa fundi wa simu mjini Mahajanga mchana, na jioni alikuwa akitengeneza mchezo wa kompyuta. Mchezo wenyewe ulikuwa harusi kubwa ya Kikomoro: wageni mia tatu, kila mmoja na cheo chake, njaa yake na kinyongo chake. Mkalishe mzee mahali pa kijana, uone ukoo mzima unavyobeba viatu na kuondoka.

Aliuandika kwa Python, lugha ya skripti, ambayo kompyuta huifasiri huku ikiitekeleza. Binamu yake Saindou, aliyekaa Ufaransa miaka miwili akarudi na lafudhi, alikunja pua.

"Bweni, hiyo ni lugha ya kujumlishia bei za vitunguu," alisema kwa Kifaransa, maana siku hizi Kikomoro kilikuwa kimemwachia hilo "bweni" tu, yaani bibie. "Mchezo mzito huandikwa kwa C++, inayogeuzwa lugha ya mashine mapema, ikakimbia."

"Wewe umeandika mingapi?"

"Bado natafakari."

Wakawekeana sharti. Mchezo ungeonyeshwa kisiwani, Andilana, kwenye harusi ya ndugu yao Nadjma. Ukikwama, Saindou atauandika upya, na jina lake litatangulia.

Faouzia akaujaribu. Kwa wageni ishirini, safi. Kwa mia tatu, watu walijazana mlangoni midomo wazi, hakuna anayesogelea pilau, na feni ya kompyuta ikalia kama mashine ya kukuna nazi. Saindou alitabasamu kama bwana harusi.

Siku ya harusi Faouzia alichelewa kivuko cha Ankify cha kwenda kisiwani, akafika Andilana na njaa yake. Ukumbi wa wanawake umefurika. Angepita kumwamkia kila shangazi, "Kwezi," na kungoja kila mmoja aitikie "Mbona," angekuta sufuria limeoshwa. Akarusha "Asalaam aleikum" moja palepale mlangoni, bibi mmoja akaitikia kwa niaba ya wote, naye akaketi.

Tonge likamgandia mkononi. Wageni wake wa kompyuta aliwalea vizuri mno! Kila mmoja alimwamkia kila mwenzake na kungoja jibu: karibu salamu elfu tisini kabla ya tonge la kwanza. Hata C++ ingekufa njaa.

Akafuta vidole, akafungua kompyuta juu ya mkeka. Salamu moja kwa ukumbi, jibu moja. Wageni wakaingia, wakaketi, wakala, wakaanza kusengenyana. Wapiga ngoma wa mchezoni tu ndio waliokuwa wakikwamakwama, mkono juu, mkono chini, kama wenye kigugumizi.

"Umeona?" Saindou, aliyekuwa akichungulia mlangoni, akaruka. "Ngoma imeishinda Python yako!"

"Kweli, kaka. Ngoma ziandike wewe kwa C++ yako. Adabu niachie mimi."

Mchezo ulipokamilika, jina la Faouzia lilikuwa juu kabisa. Chini yake, kwa herufi ndogo lakini za kusomeka: Saindou, mpiga ngoma.