Siku Nilipomkata Tomi Kucha kwa Mkasi wa Kondoo

Nakumbuka siku moja kule Endarasha, mwanangu. Nakueleza kwa sababu asubuhi nimekuona ukimfuata mbwa wako na koleo mkononi, umkate kucha. Iweke chini kwanza, unisikilize.

Uhuru ulikuwa bado mchanga, watu ndio tu wamegawiwa mashamba, nami nilikuwa nimeolewa mwaka huo huo. Baba mkwe wangu alikuwa na mbwa mzee, Tomi, mlinzi wa kondoo wetu, na alimpenda kupita kiasi. Alipokwenda Mwea kumwona binti yake aliyejifungua, mbwa aliniachia mimi. Si mume wangu, mimi! Nilifurahi mno, maana nilikuwa bado mgeni pale na nilitaka sana kusifiwa.

Tomi alikuwa ameanza kuchechemea. Alilala kutwa kwa uzee, kucha hazikusagika tena, zikarefuka na kupinda. Nami nililelewa Timau katikati ya kondoo, kukata kwato nilikujua tangu utotoni. Kwato unaondoa kipande kizima na kondoo hashtuki. Nikajiambia, hizi zina tofauti gani? Nikachukua mkasi wa kwato, nikambana Tomi kwa magoti, nikakata ukucha wa kwanza kwa mkupuo mmoja.

Alilia, mwanangu. Sijasikia tena kilio kama kile. Akachomoka, akaingia chini ya ghala la mahindi, damu ikidondoka kwenye mawe. Nikamfuata nikitambaa na kumwita, naye kila nikisogea alirudi nyuma zaidi. Nilijua atakufa mle ndani, na sikujua nitamwambia nini mzee.

Jirani yetu, mama mmoja wa makamo aliyeitwa Wangari, alisikia kelele akaja mbio.

"Wacha kumfukuza!" alinifokea. "Ukimkimbiza damu inazidi. Umekata na nini?"

Nikamwonyesha mkasi.

"Ati umekata kama kwato ya kondoo? Kucha ya mbwa iko na nyama ndani, iko na damu! Leta unga na kitambaa safi, halafu ukae chini, unyamaze."

Nikavileta, tukakaa. Sijui ni muda gani, lakini kwangu ulikuwa mwaka mzima. Mwishowe Tomi alitoka mwenyewe, akamwendea Wangari. Mama huyo akampaka unga kwenye ule ukucha, akaubana kwa kitambaa bila kuchungulia kila mara, mpaka damu ikakoma.

Mzee aliporudi nilimweleza yote hata hajaketi. Hakunigombeza. Nilipomkaribia Tomi, mbwa alificha mguu chini ya kifua, na mzee akasema tu, "Huyu hakuwa anakuogopa." Siku hiyo nililia jikoni kuliko siku niliyoaga kwetu. Ilipita misimu miwili ya mvua kabla Tomi hajaniachia mguu wake tena.

Basi sikia. Mshike mbwa wako miguu kila siku ukiwa huna chochote mkononi, umpe kipande cha ugali, mpaka azoee. Tumia kifaa kikali, kisichoponda. Kaa penye mwanga, ukate ncha tu, kidogo kidogo. Kucha nyeusi hazikuonyeshi nyama ilipo, kwa hiyo tazama pale ulipokata: ukiona kidoa chenye unyevu katikati, acha hapo hapo. Usisahau ule ukucha wa pembeni usiogusa ardhi, huo hupinda ukamchoma. Unga uwe karibu. Akikataa, mwache, utajaribu kesho. Na damu isipokoma, mpeleke kwa daktari wa mifugo, wala usione haya.

Nilimponyesha Tomi kidonda kwa siku chache, lakini hofu ile niliyomtia mimi mwenyewe ilinitesa muda mrefu. Mungu akuepushe nayo, mwanangu. Akupe mikono mitulivu, na kila mnyama utakayemfuga aiendee mwenyewe bila kuitwa.