Mtendaji Akiweka Dole

Nilifunga njia ya watu Kongowe, Kibaha, nikiwa nimekaa jikoni kwa mama yangu Kisarawe namenya mihogo.

Sikushika nyundo. Sikushika msumari. Nilishika simu.

Naitwa Raudha, mtendaji wa mtaa. Kwenye grupu la WhatsApp la majirani niliingia kama jirani. Yaani mimi ndivyo nilivyodhani.

Jumapili hiyo jirani yetu Melkiori akatupia picha ya uzio wake mpya wa mabati. Ya bluu, yanang'aa hatari. Nikaweka dole gumba, nikarudi kwenye mihogo.

Kesho yake Saburi, anayekaa nyuma ya Melkiori, akanipigia anahema.

"Mtendaji, mke wangu ana uchungu, bajaji haipiti! Melkiori kaziba njia!"

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Si yako!"

Nikachoka.

Yule mama alibebwa juu ya kiti, akapitishwa katikati ya mahindi ya watu mpaka barabarani. Alifika hospitali ya Tumbi, akajifungua salama.

Nikaenda kwa Melkiori na mwenyekiti wa mtaa. Jamaa kachapisha skrinshoti ya dole langu, kwa rangi, kaibandika getini na nailoni juu isilowe mvua.

"Kibali hicho," akasema, kifua mbele.

"Melkiori, nilisifia mabati."

"Mheshimiwa, hapo pameandikwa Raudha Mtendaji. Hapajaandikwa Raudha Mpenda Mabati."

Mwenyekiti akageukia pembeni acheke vizuri.

Uzio ulitoka siku ile ile. Melkiori aling'oa bati la mwisho akinung'unika, "Serikali ya kigeugeu."

Basi nikajiongeza. Nikanunua laini ya pili na simu yake. Ile ya kwanza ikabaki ya ofisi: matangazo tu, hakuna dole, hakuna hahaha. Hii mpya nikaingia nayo grupuni kwa jina la Mama Kachumbari.

Raha iliyoje! Nilibishana mpira. Nikasema pilau la harusi ya kwa kina Faraji lilikuwa bichi, na hakuna aliyedhani serikali imepiga marufuku pilau.

Ijumaa moja nikatangaza kwa laini ya ofisi: kesho usafi wa mitaro, saa kumi na mbili asubuhi.

Mama Kachumbari naye akachombeza: "Saa kumi na mbili? Huyu mtendaji godoro lake lina miba?"



Akaibuka Castory, admini wetu, mtu ambaye mtaro wenyewe hajawahi kuugusa.

"Mama Kachumbari, humu hatumdharau kiongozi wetu."

"Namtania tu, kaka."

"Katanie kwenu."

Akanitoa. Kwa laini ya ofisi nikaona makofi yanavyomiminika. Melkiori, huyo huyo, kaandika: "Mtendaji wetu aheshimiwe!"

Sijakaa sawa, Castory huyo inboksi kwenye laini ya ofisi: "Mheshimiwa, yule mama nimeshamshughulikia. Namba yake hii hapa. Akamatwe."

Nikaitazama namba yangu. Nikacheka mpaka machozi. Halafu kicheko kikakata. Je, angekuwa mama mwingine kweli?

Nikamjibu: "Ofisi haikukutuma. Mrudishe."

"Sawa, Mheshimiwa. Ila akirudi tu, aombe radhi."

Ningefanyaje? Nikarudishwa, nikaandika mbele ya mtaa mzima: "Samahani mtendaji, nilikosea."

Nikashika simu nyingine: "Umesamehewa, mama."

Grupu likalipuka. Eti hawajawahi kuona kiongozi mwenye moyo wa huruma kama mimi.

Wenzangu wenye vyeo, kabla hujaandika grupuni, sema anayeongea ni ofisi au ni jirani. Na wewe unayetetea cheo kisicho chako, muulize kwanza mwenyewe kama kaumia. Mimi nilikuwa nacheka.

Mitaro? Jumamosi tulikuwa mimi, mwenyekiti na Saburi. Wanaoniheshimu walikuwa wamelala.