Jasusi Aliyeacha Kazi

Delyth Prosser hakutulia tangu taa za sinema zizimwe. Alikunja mguu huu, akaunyoosha, akakunja ule. Baba yake, mzee Emlyn, alidhani ni filamu inayomkera. Kila filamu mpya ya jasusi wampendaye ilipofika Llanelli, mji wao huko Wales, wawili hao walifunga mapema duka lao la kushona viatu na kuchonga funguo, wakaenda kuitazama, kisha wakaingia kwenye mgahawa wa Mair kula samaki na chipsi na kutoa hukumu. Hawakuwa wamekosa hata moja tangu Delyth akiwa msichana wa shule.

Safari hii Delyth alikuwa na neno ambalo hajamwambia baba yake: amepata kazi Leeds, mji wa mbali Uingereza, na ameshaikubali. Dukani angebaki mzee peke yake.

Chipsi hazijapoa, Emlyn alishaanza. Magari alisema sawa, na zile mbio za juu ya mapaa sawa. Mwisho ndio uliomchefua. Jasusi gani anaweka bastola mezani, anamwambia mkubwa wake basi, halafu anajiendea zake ufukweni? Mair, akiwaletea siki, alisema yeye angemfuata huko ufukweni hata kesho. Emlyn hakucheka.

"Mtu haachi kazi ya watu katikati," alisema.

Delyth alikuwa akichanachana karatasi ya kufutia mikono. "Amechoka, Baba. Maisha yake yote amefanya kazi aliyochaguliwa na wengine."

"Si ndio waliomlea?"

"Wamemlea. Na anawapenda." "Lakini anataka kujua akiwa peke yake ni nani."

Emlyn aliacha kutafuna. Alimtazama binti yake, kisha akazitazama zile karatasi zilizochanika.

"Ni wapi huko?"

"Leeds."

Mzee akarudi kwenye samaki wake. Alisema kwamba hata huyu mwigizaji wa sasa, yeye alimkataa alipoanza kuigiza jasusi huyo. Aliapa kuwa aliyemtangulia hana mfano, na kwamba filamu hizi zimekwisha. Mbona yeye na Delyth wameendelea kununua tiketi?

"Watatafuta mwingine," alisema. "Siku zote wanatafuta. Ila mwanzoni nitamnung'unikia, ujue."

Delyth alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na majibu alikuwa nayo tele. Sasa aliuliza tu kama atamfundisha huyo mwingine, atakayeshika nafasi yake dukani, kuchonga funguo za kizamani, zile ambazo mashine huzikosea. Emlyn akasema atamfundisha, mradi asiwe na haraka ya kwenda popote.